Kuipima Pua ya Mzee Eliamani

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya masikio, pua na koo, nilidhani nimepelekwa jikoni. Mezani kwa Daktari Bingwa kulikuwa na vichupa vya kahawa, karafuu, maganda ya chungwa na sabuni ya mche. Nilikuwa muuguzi mpya, mtoto wa Pasua hapa Moshi, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba kunusa nako hupimwa.

"Mgonjwa afumbe macho," alisema Daktari. "Ziba tundu moja la pua, anuse kwa lingine. Kwanza akwambie kama anasikia chochote, ndipo umuulize ni nini. Halafu badilisha upande."

"Kwa nini tusimnusishe amonia, daktari? Ile ni kali, haikosekani."

Swali lilimfurahisha. Alinieleza kwamba amonia huchoma, na mchomo husafiri kwa mshipa mwingine wa fahamu, kwa hiyo hata asiyenusa kabisa atashtuka. Yeye aliitumia kwa kazi moja tu: kumjua anayejifanya. "Akisema hasikii hata amonia, na huku machozi yanamtoka, muulize ana kesi gani ya fidia mahakamani."

Kazi ilininogea. Nyumbani niliwafunga ndugu zangu vitambaa machoni na kuwanusisha kila kitu, mpaka mama akaanza kunificha viungo vyake vya mchuzi.

Baadaye nilihamishiwa Mkuu, Rombo, chini ya Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyesimamia kituo chetu. Huko ndiko alikoletwa Mzee Eliamani, mkulima wa kahawa, na mkewe, Mama Aikaruwa. Nilimwamkia mzee shikamoo. Alinitazama tu, kama anayetazama ukuta. Mkewe akainamisha uso.

"Hakuwa hivi, Sista. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole. Sasa anatukana wajukuu. Juzi mtori umeungua, moshi umejaa jikoni, na yeye amekaa papo hapo motoni, hana habari. Majirani wanasema ni mbege. Hanywi huyu! Kaka yake anasema ni uzee."

Mganga Mfawidhi alimmulika puani, akakuta njia zote mbili safi, hakuna mafua wala nyama iliyoota. Ule moshi ulimtatiza, akaniambia nimpime kunusa. Kwa tundu la kulia mzee alisema polepole, "Kahawa." Kwa la kushoto, kimya. Nikampa karafuu, kimya. Chungwa, kimya. Mganga Mfawidhi akavuta kiti, akarudia mwenyewe.

"Pua iko wazi, na upande mmoja umekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Basi shida haiko puani. Iko huku." Akagusa paji la uso wake. Mshipa wa kunusa, alituambia, hupanda kutoka kila tundu hadi chini ya ubongo wa mbele, na ubongo huo ndio unaoshika adabu ya mtu.

Picha ya kichwa ilipigwa Moshi. Ulionekana uvimbe, si saratani, umeulalia mshipa wa kushoto na kuusukuma ubongo. Ilibidi utolewe. Kaka yake mzee alikuja juu.

"Kichwa cha mtu hakifunguliwi kama debe! Mwacheni afe na kichwa chake."

Mama Aikaruwa alinivuta kando. "Sista, wakiutoa, atarudi?"

Nilimwambia ukweli: sijui, na anaweza kufia mezani. Akamgeukia shemeji yake. "Wewe unaogopa kumpoteza. Mimi nimeshampoteza. Nakwenda kumtafuta."

Alipasuliwa Dar es Salaam. Miezi ikapita bila habari, nami sikuthubutu kuuliza. Kisha asubuhi moja walitokea kituoni kwetu, mzee mbele, kovu likionekana chini ya kofia.

"Mke wangu ananiambia uliniamkia, nikakaa kimya," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Nikakimbilia vichupa. Safari hii hakusikia kitu, kulia wala kushoto. Mishipa yote miwili haikuokoka katika upasuaji. Nilimuuliza kahawa sasa ikoje mdomoni. "Maji machungu ya moto," alisema, akacheka. Mkewe ndiye humnusia maziwa kila asubuhi kabla hajanywa, yasije yakawa yamechacha.

Sasa nimestaafu, niko Shirimatunda na migomba yangu. Wauguzi vijana huja kunitembelea. Tangu ule ugonjwa ulioikumba dunia nzima na kuwanyima watu harufu, hakuna tena anayeicheka kazi yetu. Wananiuliza maswali mengi.

Nami nina langu. Mwaka huu nilipanda Rombo kumsalimia Mzee Eliamani. Aliniambia kwamba usingizini bado ananusa. Huota zizi la marehemu mama yake, na harufu ya majani mabichi ya migomba waliyowakatia ng'ombe humjaa puani mpaka anaamka.

"Na ukishaamka?" nilimuuliza.

"Hubaki kidogo," alisema. "Huwa sijitikisi, isije ikaondoka."