Bibi Zulekha na Meno ya Plastiki

"Bibi, yale meno uliyoning'oa nikiwa mchanga yalikuwa ya plastiki kweli?"

Nilimuuliza Bibi Zulekha mwaka 1998, nikiwa darasa la nne hapa Nkowe. Akasema mtoto mwenye maswali ya namna hiyo lazima alibakiziwa moja.

Alikuwa fundi wa kung'oa meno hayo, wilaya nzima wanamjua. Mtoto akiharisha, yeye haulizi amekunywa maji gani. Anapitisha kidole kwenye ufizi, anagusa uvimbe mahali pa chonge, anatangaza: plastiki. Anachokonoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, vinatoka vitu viwili vyeupe, laini, mama anaoneshwa. Eti zamani meno hayo hayakuwapo, yameletwa na wanawake wanaoteka maji kwa ndoo za plastiki na kuvaa malapa. Mwenyewe alikuwa na malapa mguuni. Mtoto akipona, sifa ni zake. Akifa, walichelewa kumleta.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu Enock, mgeni kutoka Mbeya, alituletea mafuvu ya wanyama. Nilishangaa hadi sikusikia kengele ya chakula. Kumbe meno ya wanyama wanaonyonyesha, sisi tukiwemo, yote huanza kama vichipukizi laini ndani ya ufizi! Ila kwa vizazi visivyohesabika mbwa akapata chonge ndefu za kuraruria, mbuzi akapoteza meno ya mbele ya juu, panya akabaki hana chonge kabisa. Nikapapasa kinywa changu. Chonge za chini sina. Kazi iliyomchukua panya mamilioni ya miaka, Bibi Zulekha kanimalizia asubuhi moja.

Nilikwenda kumweleza. Akacheka, akasema labda kwao Enock hawajaona ndoo.

Mwaka 2005 mjukuu wake mwenyewe, Nasri, wa miezi mitano, aliharisha hadi macho yakadidimia. Nilikuwepo wakati mama yake, Sofia, alipomlaza mapajani mwa bibi na kumpa spoku. Bibi alipapasa ufizi. Uvimbe ulikuwepo. Akairudisha spoku.

"Huyu simgusi. Mkimbizeni zahanati."

Yaani watoto wa watu plastiki, wa kwake zahanati.

Tulikwenda naye. Nasri alipoanza kunywa maji ya dawa na kufumbua macho, nilimsogelea bibi pale kwenye benchi, nikamuuliza tena kuhusu meno yangu. Akatazama mapengo yangu.

"Yalikuwa meno tu, mjukuu wangu," akasema. "Lakini mama yako alikuja analia. Ningemrudisha mikono mitupu?"