Mgonga Madaraja

Mke wangu anagonga madaraja. Ndiyo, anagonga, kwa nyundo ndogo, huku ametega sikio. Zege lililoshiba hutoa mlio mkali. Lenye uwazi ndani hutoa mlio mzito, kama debe lililofunikwa blanketi. Penye mlio mzito anachora duara kwa chaki, na hapo tu ndipo huletwa mashine ya kuchungulia ndani ya zege. Asipochora, haiji.

Kazi hiyo imemla. Mabega yamekwisha, magoti ndiyo usiseme. Hata nyumbani hatulii: anagonga kuta, milango, na sokoni anagonga matikiti mpaka wauzaji wananuna. Miaka nenda miaka rudi nimegongewa, mpaka nami nimekuwa fundi wa bure wa kutambua milio hiyo.

Tangu mvua zilizopita akaanza kuniambia eti nanong'ona. Mimi huyu, ambaye nikipiga chafya majirani wanalalamika! Nikamwambia aende hospitali akapimwe masikio. Akanijia juu: nataka aachishwe kazi, akae anitazame mimi kutwa nzima? Nikanywea. Nilikuwa nimechoka kugombana, na yeye alichoka zaidi.

Juzi alisahau chakula, nikampelekea. Nikapanda jukwaa chini ya daraja la zamani, pumzi juujuu. Alikuwa akigonga huku anasogea. Mlio mkali, mkali, mkali. Kisha mzito. Mzito tena. Mwenzangu huyo, anaendelea tu, chaki mfukoni.

Nikinyamaza, atamaliza miaka yake kazini kwa heshima. Nikisema, nimemmaliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Juu yetu likapita basi, jukwaa lote likatikisika.

"Mama, rudi hapo nyuma," nikasema.

Ilibidi nirudie kwa sauti. Akarudi, akagonga. Hakulitazama zege, alinitazama mimi usoni. Akagonga pembeni, akagonga pale tena, macho hayabanduki kwangu. Nilijitahidi nisiukunje uso, wapi. Akatoa chaki akachora duara. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa jukwaa, yeye anagonga, mimi nasikiliza, na maduara yakawa mengi.

Hakulia. Niliyelia ni mimi, na nalisema bila haya. Tuliposhuka alimfuata mhandisi wake moja kwa moja, akamwambia kwamba masikio yake yamekwisha, na kwamba madaraja yote aliyoyapitisha tangu mvua zile yapimwe upya kwa mashine. Mhandisi wa watu akauliza waanze na lipi.

Mke wangu alikuwa ameshanigeukia.

"Mpigie binti yetu kazini," akaniambia. "Akirudi azunguke mbali. Asipite lile daraja jipya, nililipitisha mimi."