Kabla Hujasasisha Simu ya Baba Yako

Nakumbuka Alhamisi moja hapa Lanet, nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, baba alinipa simu yake akaniuliza kama aisasishe au aiache ilivyo. Mwanangu, najua sijafikisha umri wa kutoa nasaha. Mvi zangu bado ni za kuhesabika. Lakini kosa nililofanya siku ile lilinizeesha kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme, na akirudi nyumbani alifundisha kwaya ya kanisa letu. Simu yake ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, lakini ilimtosha. Shida ni kwamba apu ambayo wanakwaya waliitumia kutumiana ujumbe ilikuwa imeanza kumwonya kwamba hivi karibuni haitafanya kazi kwenye mfumo wa zamani. Na Jumapili hiyo tulikuwa na ibada ya shukrani kwa ajili ya mama, ambaye alilazwa hospitalini miezi mingi na sasa alikuwa ameanza kutembea tena. Baba alikuwa akimtungia wimbo. Hakuna aliyewahi kuusikia wote.

"Mama," aliniambia, ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Hii kitu inanisumbua kila asubuhi. Nibonyeze ama niwachane nayo?"

Mimi nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu. Nilimhoji mchungaji kuhusu gharika, nikamhoji mwalimu wa takwimu kuhusu takwimu zake, na mama hupenda kusema kwamba siku niliyozaliwa nilianza kwa kumhoji mkunga. Lakini simu iliposema toleo jipya liko tayari, sikuhoji hata neno moja. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nikabonyeza. Simu ikasema haina nafasi, nami nikaanza kufuta. Picha sikuzigusa. Nikakuta sauti zilizorekodiwa, nyingi, hazina majina, ni nambari tu. Nikafungua moja: mvuke unafoka, shhhh, kama sufuria iliyochemka ikafurika. Nikasikiliza sekunde kumi hivi. Ya pili, mvuke. Ya tatu, mvuke. Nikamwambia dada yangu, "Huyu mzee amekuwa akirekodi mfuko wa ovaroli bila kujua." Tukacheka. Nikazifuta zote, na pipa la taka la simu nikalimwaga pia, maana nafasi ilikuwa bado haijatosha.

Simu ilipowaka na mfumo wake mpya, nilimpelekea baba kama mtu anayepeleka zawadi. Alikuwa nje na mama, wanachambua maharagwe. Akaitazama, akatafuta, akatafuta tena.

"Zile za kazini ziko wapi?"

"Zile za kelele? Nilizitoa, baba. Zilikuwa mvuke tu."

Hakupandisha sauti. "Uliskiza mpaka wapi?"

"Mwanzo tu."

"Mvuke tunauachilia kwanza. Ukiisha, kunanyamaza, ndio mimi huimba."

Baba hakujua kuandika noti. Kila sauti ya kwaya aliiimba peke yake kwenye simu, katika ule utulivu mfupi wa kazini, ili aje awafundishe watu wake. Wimbo wa mama ulikuwa humo wote.

"Wewe huuliza kila mtu kila kitu," aliniambia. "Mimi mwenye simu hukuniuliza."

Nikachuchumaa nikaanza kuchambua maharagwe pamoja nao. Mama ndiye aliyesema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo, "Mwache mtoto. Si uko na mdomo? Imba zile unakumbuka. Wimbo ukikataa kurudi, mimi nimerudi."

Baba alikumbuka ubeti wa kwanza na kiitikio. Ubeti wa pili ulikataa kabisa. Jumapili, walipofika mahali pake, kwaya ikavumisha sauti tu bila maneno, na mama akasimama muda wote ameshika benchi la mbele. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Nilipomuuliza baba baadaye kama ule ubeti umerudi, alisema, "Bado. Na ndio ulikuwa mzuri." Haujarudi mpaka leo.

Mwanangu, sisemi usisasishe. Simu iliyoachwa nyuma sana hufungiwa mlango mmoja baada ya mwingine, na wezi wa mtandaoni huijua njia yake. Kwa baba, kusasisha kulikuwa uamuzi sawa, hata kama simu ilianza kujikokota. Lakini kabla hujabonyeza, keti na mwenye simu. Mwulize anaitumia kwa kazi gani, na ni kitu gani humo hawezi kukipata tena. Angalia kama simu yenyewe bado ina nguvu ya kubeba mfumo mpya. Kama haina, na kazi yake inaendelea vizuri, iache ilivyo. Nakili kila kitu mahali pengine kwanza. Na usifute usichokisikiliza mpaka mwisho. Kuuliza si ujinga, lakini kuna anayeuliza dunia nzima akamsahau aliyeketi karibu naye. Huyo nilikuwa mimi.

Mungu akuachie wazazi wako siku nyingi. Akupe sikio lenye subira, na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na watu wa kukusamehe kama nilivyosamehewa.