Eda ya Bibi na Ghorofa za Ami

Ami alirudi kutoka Uarabuni na saa ya rangi ya dhahabu, redio kaseti na mdomo usiopumzika. Alikuwa ndugu mkubwa wa baba yangu, na kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kujenga katika nchi moja tajiri ya huko. Jioni, akishakunywa kahawa, alikaa kwenye baraza ya nyumba ya Babu hapa Voi na kuanza. Huko, alisema, leo ni mchanga mtupu, keshokutwa ni barabara, taa na ghorofa ambazo ukizitazama kofia inaanguka. "Na nyinyi hapa," akaonyesha vumbi jekundu la mtaa wetu, "mwajenga choo mwaka mzima!" Tulicheka. Hata Babu alicheka, na choo chenyewe kilikuwa chake.

Hadithi moja tuliipenda kuliko zote. Mzee wa huko alibomolewa nyumba yake ya udongo ili pajengwe maegesho ya magari. Akapewa jumba la kifahari, lenye baridi ndani kama barafu. Lakini kila alasiri mzee alimwamuru dereva wake amrudishe pale pale, ateremshe kiti, naye akae katikati ya magari akitazama mbele. Vibarua walimwona ana wazimu. Ami alijua kumwigiza: mikono juu ya magoti, shingo imenyooka, hapepesi macho. Tulishika mbavu.

Babu alifariki mwaka huo huo, katikati ya miaka ya tisini, na Bibi akaingia edani. Kwetu Waislamu, mjane hukaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoishi na mumewe. Halali kwingine, hajipambi, hajitii manukato. Bibi, ambaye hakupitisha siku bila asumini kwenye nywele, alivua hata pete. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kazi sina, basi nikahamia chumbani mwake. Aliniambia kwamba eda ndiyo heshima ya mwisho aliyobaki nayo ya kumpa Babu, na ataitimiza yote ndani ya nyumba aliyoingizwa akiwa bibi harusi. Kitu kingine chochote waamue wanaume.

Nao wakaamua. Voi ilikuwa imeanza kuchangamka, malori ya Mombasa yakilala hapa, maduka yakiota kila pembe. Tajiri mmoja alitaka kiwanja chetu ajenge maduka ya ghorofa. Badala yake angetupa nyumba mpya ya matofali upande wa barabara ya Mwatate, yenye mfereji wa maji mpaka jikoni. Ami alikubali kabla kahawa haijapoa. Simwonei. Bibi alikuwa amechota maji maisha yake yote, na mwanawe alitaka kumwona akifungua mfereji. Lakini tingatinga lilikuwa limeshafika mjini na tajiri alitaka kuanza mara moja. Hapo Ami alipaswa kusema neno moja tu, kwamba mama yuko edani, ngojeni. Hakulisema. Baadaye alimwambia mama yangu kuwa aliona haya. "Ningemwambiaje mtu baki, si wa dini yetu? Kazi yote isimame kwa ajili ya mwanamke aliyekaa chumbani? Angetuona bado tumelala!"

Bibi alipoambiwa hakupiga kelele.

"Mwanangu, sikatai kuhama. Niache nimalize."

"Mama, kule nilikotoka hawangoji."

"Kule ulikotoka walikuwa na haraka ya nini, na mali yote ile?"

Swali hilo limebaki nami mpaka leo, na kila ninaposikia mtu akisifu nchi tajiri zilizosimamisha miji kwa kufumba na kufumbua, linanirudia. Sipingi mabomba wala taa. Mimi pia nimebeba ndoo kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani. Maskini akikimbia tunamwelewa, njaa iko nyuma yake. Lakini mwenye ghala lililojaa, yeye ana nafasi ya kungoja mjane atoke edani, ana nafasi ya kumuuliza mzee kama yuko tayari. Kama yeye hangoji, nani atangoja? Na kilichoniuma zaidi ni kwamba Ami aliichukua haraka ya watu hao akatuletea sisi, pamoja na redio kaseti.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema nyumba ikibomolewa mjane ana udhuru, anaweza kuhama na hana dhambi. Bibi aliposikia alisema, "Sikuuliza dhambi."

Siku ya tingatinga walianza na jiko. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, mama mmoja wa Werugha, huko milimani, Mkristo, ambaye hushuka na kabichi zake na kuziuza mbele ya baraza yetu, alikwenda akasimama mbele ya lile dude na kikapu mkononi.

"Wewe, zima hiyo kitu! Kuna mjane huko ndani! Kwetu juu hata mafuvu ya wazee wa zamani hayasongeshwi bila kuulizwa, na huyu ni mtu anapumua!"

Dereva alizima. Akajifuta jasho, akasema yeye hakuambiwa kuna mjane. Kila mtu akamgeukia Ami. Bado alikuwa na nafasi ya kusema. Ami aliitazama saa yake. Kisha akaingia ndani kumtoa mama yake.

Bibi alitoka kwa mlango wa mbele, amejifunika leso mpaka usoni, mimi mkono huu na mama yangu mkono ule. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Vumbi lilitufuata mpaka kwenye gari.

Eda aliimalizia katika nyumba iliyonuka rangi mbichi na saruji. Mfereji ulitoa maji kweli. Alitawadha kwa maji yake, hakuyasifu hata siku moja. Huku nyuma tajiri alichimba msingi, akasimamisha nguzo chache, halafu akapata kiwanja kizuri zaidi kwingine, chetu akakiachia mbuzi na karatasi za nailoni.

Eda ilipokwisha, wanawake walimwogesha Bibi, wakamvisha nguo mpya na kumfukiza udi. Akaulizwa aanze kwa kumzuru nani, kwa maana jamaa wote walikuwa wakimngoja. "Nipelekeni nyumbani," akasema. Tulidhani amechanganyikiwa, lakini akatuongoza mwenyewe mpaka kiwanjani, akapita kati ya nguzo, akasimama mahali palipokuwa na mlango. Aliomba kiti. Tukaazima dukani.

Kesho yake alasiri akataka kwenda tena, na keshokutwa, na siku zote mpaka miguu ilipomkatalia. Alikaa na mikono juu ya magoti, shingo imenyooka, akitazama mbele. Vijana wa steji ya matatu walimcheka, wakamwita kichaa. Ami hakuwakaripia. Aliweka kiti, akapangusa vumbi kwa kofia yake, akamketisha mama yake, kisha akaenda kusimama nyuma yake, asimwone usoni.