Chupa ya Makonyo na Pikipiki ya Marehemu Bakari

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Oktoba 1959 niliiua pikipiki ya marehemu kaka yangu Bakari. Niliiua mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wanaokwenda msikitini, na kwa kuwa mkasa huu umeshasimuliwa sana na watu wanaonionea huruma, naona bora niusimulie mimi ambaye sijionei.

Bakari alifariki kwa homa mwaka mmoja kabla. Aliacha kanzu mbili, kofia aliyoishona kwa mkono wake, na pikipiki ndogo. Alikuwa akifanya kazi Wete, na kila Ijumaa akija Gando kwa mama, na mama akisikia mlio wa pikipiki ukipanda kilima anaipua chungu na kupakua, hata Bakari akivua viatu mlangoni chakula kiko mkekani. Alipokufa nikaichukua mimi, nikashika njia ileile, Ijumaa zilezile, na mama akaendelea kupakua kwa mlio. Jambo hilo hatukulizungumza hata siku moja.

Basi akatokea Nassor na pikipiki mpya, kubwa, nyekundu. Nassor hakunikosea kitu, niseme kweli (tena alikuwa rafiki wa Bakari na alibeba jeneza lake bega moja na mimi), lakini juu ya kilima kile palikuwa na nyumba ya Mzee Faki, na Mzee Faki alikuwa na binti, Mize, ambaye nilishampelekea posa nikaambiwa nisubiri kwa muda, na katika muda huo huo Nassor akawa anapita pale kama upepo huku mimi napanda nyuma yake na kapikipiki kanakohema. Siku moja alinipita mzee mmoja kwa baiskeli, na nyuma amefunga gunia la muhogo. Akaniambia, "Kombo, watengeneza au wenda?" Mize alikuwa barazani. Alicheka mpaka akaficha uso kwa kanga.

Wivu ukanila. Nilikuwa fundi wa baiskeli, si wa injini, lakini nikajiambia chuma ni chuma. Nikatoa matumbo ya ekzosi ipumue. Nikafungua silinda, nikapanua matundu yake kwa tupa, na kichwa chake nikakisugua juu ya msasa siku tatu ili kikae chini, kiubane moto. Lau ningeishia hapo pengine leo ninayo. Lakini injini za aina ile haziendi kwa petroli tupu, lazima uichanganye na oili, nami nikawaza: oili haina ukali wowote, ukiilamba ni mafuta tu, ila mafuta ya makonyo, yale yanayopikwa kwa vikonyo vya karafuu, tone moja tu ulimi unawaka moto. Kinachouwasha ulimi vile kitashindwa kuiwasha injini? (Niliona nimegundua jambo ambalo wazungu walioiunda hawakulijua, kwa kuwa kwao hakuna karafuu.)

Mama alikuwa na chupa nzima ya makonyo, dawa yake ya meno na magoti. Nikamwambia jino linaniuma. Akanipa yote, akanishika na shavu, "Pole mwanangu, usilale nalo hivyo."

Ijumaa hiyo nikaimimina tangini mahali pa oili. Wallahi iliondoka! Nilimkuta Nassor njiani, nikampita, kanzu imejaa upepo, na moshi nyuma unanukia kama kinywa cha bibi aliyetoka kutiwa dawa ya jino. Nassor akapiga kelele, "Kombo, wapika nini?" Kilima nilikipanda kwa mara ya kwanza bila kuinama, ekzosi inanguruma mpaka kuku wa Mzee Faki wakarukia paa, watu wa msikitini wamesimama wananitazama, Mize yuko barazani, nami nikaachia mkono mmoja nimpungie.

Hapo ndipo pistoni, kwa kukosa oili, iliposhika ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma likaganda, kitu kikavunjika ndani kikatokea ubavuni mwa injini, na mimi nikateleza na pikipiki yangu moja kwa moja juu ya majamvi ya Mzee Faki, karafuu za siku nne juani, zilizobaki kutiwa maguniani. Nilipoinuka nilikuwa nazo masikioni.

"Huyu kaja kuposa au kuanikwa?" mtu mmoja akauliza.

Mzee Faki hakupandisha sauti. "Kombo, baba, umeumia? Hukuumia. Basi ukishasali njoo uchambue."

Mama akafika mbio, kanga mkononi. Akanitazama, akaitazama pikipiki, akasema mbele ya watu wote, "Na jino lako je, mwanangu?"

Nassor alikuwa amekwishafika. Akanusa, akanusa tena. "Kumbe pikipiki ndiyo iliyokuwa na jino bovu!" Walicheka mpaka waliokwisha tawadha. Mama peke yake hakucheka. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Niliusikia mlio. Nikasema huyo mgeni, mgeni wa watu. Sikupakua."

Baada ya sala nilikaa kitako na wanawake wa nyumba ile tukitenganisha karafuu na mchanga. Mize akaninyooshea kidole, "Kaka Kombo, hiyo uliyotia ni kokoto." Kaka! Nikajua posa imekwisha. (Nassor alimuoa, na pilau nililila.) Jioni ni huyo huyo Nassor aliyenisaidia kuisukuma pikipiki mpaka kwa mama, akainama akaona tundu lililo ubavuni, akasema, "Hii haiponi."

Tangu hapo sijatia mkono katika injini ya mtu wala yangu.

Ijumaa iliyofuata nilikuja kwa miguu. Nikafika mlangoni, nikavua viatu, nikabisha hodi. Nilisikia chungu bado kinatokota jikoni.

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi, mama."