Nilidaiwa kuwatilia wageni sumu kwenye maziwa lala, Garissa wakati wa vita vya shifta

Wakuu, asalaam aleikum nyote, wa bara na wa pwani.

Mimi huwa nasoma tu humu, sichangii. Lakini jana mtu aliuliza kama kuna ubaya kupasha chakula kwenye microwave kikiwa ndani ya kopo la plastic, na wengi mkamcheka.

Mimi sikucheka. Chombo nusura kinivunjie ndoa kabla haijatimiza mwaka. Naeleza yalivyokuwa, sitii chumvi. Makosa ya kuandika mnivumilie, hivi ni vidole vya bibi.

Nilizaliwa upande wa Bura. Nikaolewa Garissa na Abdi, mtu wa ukoo mwingine, vita vya shifta, vile vya miaka ya sitini kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikiwa vimepamba moto. Serikali ilikuwa imeamuru wafugaji wahamie vijiji vyenye ulinzi. Kutoka kwa kibali, kuingia kwa kibali. Ukishukiwa kitu unachukuliwa kuhojiwa, na si wote waliochukuliwa walirudi.

Mama mkwe wangu, Dahabo, hakunitaka. Alikuwa amemchagulia mwanawe binti wa dada yake. Kunitukana hakunitukana, lakini alinisemesha pale tu moto wa jikoni ulipozimika.

Sasa, kwetu maziwa huwekwa kwenye haan. Ni chombo kinachosukwa kwa mizizi, kisha kinafukizwa moshi ndani. Katika ule uhamisho vyombo vya Dahabo vilipotea karibu vyote, akabaki na haan moja.

Abdi kuona hivyo akaninunulia ndoo ya mabati mjini. Wakuu, iling'aa! Nilikuwa naipangusa hata ikiwa safi. Kwa bibi arusi wa wakati ule, hiyo ilikuwa kama kuletewa friji.

Basi tukasikia Adeer Farah, ami yake Abdi, amepata kibali cha kuja kutoka Habaswein na wanaume wenzake kuniona. Ngamia tuliobakiwa nao walikuwa wachache, kwa hiyo nikaanza kukusanya maziwa mapema ili yagande yawe lala. Haan ikajaa, yaliyozidi nikatia kwenye ndoo yangu, nikafunika. Yakakaa humo siku kadhaa yakizidi kuchacha.

Wageni wakafika. Wanaume niliwachotea kwenye ndoo, nikatia sukari kwa ukarimu. Wanawake walikuwa wachache, wakanywa ya haan.

Hawakumaliza hata mazungumzo. Adeer Farah alitangulia kutoka nje akishika tumbo, wenzake wakafuata. Wakatapika mpaka wakakaa chini mchangani.

Bashir, shemeji yangu, ndiye aliyelitamka neno sumu. Akasema wanawake wote wazima, wanaume wote wagonjwa, basi huyu amechagua. Akakumbusha na ukoo wangu.

Nikasema sikuweka kitu. Adeer akasema, kwa taabu, kwamba nirudishwe kwetu siku ileile. Kurudi kwenyewe ni njia ya askari na wenye bunduki, na mimi sina kibali. Na kama neno sumu lingefika kambini kwa askari, wangezoa boma zima.

Abdi alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akamtazama ami yake, akabaki palepale. Nilimsamehe zamani. Alikuwa kijana, na yule ndiye aliyemlea.

Aliyesogea ni Dahabo.

Hakuja kwangu, alienda kwenye ndoo. Akaiinua juani, akaitazama ndani muda mrefu. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Kisha akaonja ya kwenye haan, akameza.

Akaibeba ndoo mpaka pale walipokaa wanaume, akaiinamisha waone. Sehemu ya juu, maziwa yasikofika, bado iling'aa. Chini kote mng'ao ulikuwa umeliwa, pamebaki kijivu kama jivu.

"Maziwa ni ya ngamia walewale na mkono ni uleule," akasema. "Onja hii, Farah. Ni kama kulamba msumari. Uchachu umekula ndoo, na nyinyi mmeinywa."

Bashir akaanza kujibu. Dahabo akachukua haan, akainywa mbele yao, akapangusa mdomo.

"Hii pia ameigandisha yeye. Binti yangu haendi popote."

Binti yangu. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo.

Adeer akapitisha kidole ndani ya ndoo, juu kisha chini. Akaonja, akakunja uso. Hakuomba radhi, wazee wa wakati ule hawakuwa na hiyo. Aliomba maji, na baadaye akaomba maziwa kidogo ya kwenye haan, akanyoosha kikombe kwangu mimi. Kufikia kesho yake wote walikuwa wazima, alhamdulillahi.

Ndoo ikawa ya kuchotea maji ya kufulia. Dahabo akanifundisha kusuka haan. Mizizi ilikuwa shida kupata, maana hatukuruhusiwa kwenda mbali, tukawa tunaitafuta karibu na ua na kusuka kidogo kidogo. Katika kusuka ndipo tulipozoeana. Vita viliisha, watu wakaanza kununua ngamia tena, na sisi tulikuwa na vyombo vya kukamulia.

Somo langu ni hili: chakula hakikai tu ndani ya chombo, kinaongea nacho. Kitu kichachu au cha moto kinaongea zaidi. Siku hizi naona maziwa yanasafirishwa kwa mitungi iliyokuwa ya mafuta au ya dawa. Naona uji wa moto kwenye mifuko ya plastic. Wajukuu wangu nimewaambia: kabla ya microwave, hamishia kwenye bakuli la glasi au la udongo linalofaa. Sufuria iliyobanduka ndani, iache. Kubadilisha chombo ni kazi ndogo sana, na wameshazoea.

Mimi si daktari, wataalamu nisahihisheni. Na nyinyi wengine, kwenu maziwa mnayaweka kwenye nini? Andikeni hapo chini, nasoma zote, ila nitajibu polepole.