Mlio Nisioweza Kuuzima

Kwinini ndiyo niliyoisingizia kwanza. Yeyote aliyekulia kwetu na kuugua malaria utotoni anaujua ule mlio: unameza vidonge vichungu, kesho yake masikio yanalia nyiii, sauti nyembamba kama ya nyenze aliyejificha ndani ya ukuta. Asubuhi moja niliamka nyumbani kwetu Nyahanga, pale Kahama, nikausikia. Nikakaa kitandani nikijiuliza nimemeza dawa gani. Sikuwa nimemeza kitu. Nikasema utaisha wenyewe, nikaenda kumwandaa binti yangu aende chekechea.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kusikiliza. Kulikuwa na watafiti waliozunguka machimbo madogo ya Geita wakiwahoji wachimbaji, wanunuzi wa dhahabu na mama lishe, wakirekodi kwa simu. Mimi nimezaliwa na Kisukuma, Kiswahili nimekisomea hadi chuo, kwa hiyo nilitumiwa zile sauti, nikae nyumbani na kompyuta nizigeuze kuwa maandishi. Niliipenda. Nilikuwa napika, namwona mtoto akirudi, na bado nina kazi yangu ya maana. Hedifoni nilizivaa asubuhi nikazivua jioni.

Tatizo lilikuwa karasha. Hiyo ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na huko machimboni hazipumziki. Vijana waliokuwa wakihoji hawakulifikiria hilo. Walimkalisha mtu popote alipo, karasha ikinguruma nyuma yake, wakaanza kumuuliza maisha yake. Mama wa watu anasimulia jinsi mumewe alivyofukiwa na kifusi, na sauti yake inazama kwenye ule mngurumo kama punje ya mchele kwenye mchanga. Ili nimpate ilibidi niongeze sauti. Nilipomwongeza yeye, niliongeza na mashine. Nilirudia sentensi ileile mpaka niipate, halafu nikaenda kwenye inayofuata.

Ule mlio haukuisha. Ulikuwa sikio la kulia, baada ya muda ukahamia na la kushoto, na mchana nyumba ilipotulia ulipanda hadi nikawa nakunja uso bila kujua. Ndipo nikagundua dawa, au nilichodhani ni dawa. Nikivaa zile hedifoni ndogo za simu na kuweka muziki, mlio unapotea. Basi nikawa siachani nazo. Nikimaliza kazi navua kubwa, navaa ndogo. Nafua nimezivaa, nachagua maharage nimezivaa, naenda sokoni nimezivaa. Nikizivua, mlio unarudi na hasira, mkubwa kuliko nilivyouacha. Nikaona kumbe muziki unahitaji kuongezwa kidogo. Nikaongeza.

Mume wangu ni fundi wa malori. Siku moja alirudi kula mchana, akaongea nami kutoka mlangoni, sikumsikia. Akaja akanichomoa hedifoni moja.

"Mama watoto, nimekuita mpaka jirani ameitika."

"Si ungeongeza sauti?"

"Niongeze mara ngapi? Siku hizi humu ndani tunapigiana kelele kama tuko gereji."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba yeye hajui mtu anavyosumbuka kichwani, na kweli hakujua, kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mlio wa masikioni hauonekani. Huna kidonda cha kumwonyesha mtu, huna homa ya kupimwa. Nilipomweleza siku ile aliinamisha sikio lake karibu na langu, kama anayesikiliza injini, akasema, "Mimi sisikii kitu." Nilicheka, halafu nikalia.

Mama mkwe aliagiza nidondoshe mafuta ya vuguvugu masikioni. Jirani akaniletea maji ya kitunguu. Mwanamke mmoja wa kwaya yetu alinivuta pembeni akaniambia kuna mtu ananitaja kwa ubaya, na masikio yataacha kulia siku nitakayomjua. Mafuta niliyatia, na kitunguu nilikitia. Kuhusu huyo anayenitaja, naona aibu kusema, lakini zilipita siku nikiwatazama watu usoni na kuwapima. Hofu ikishakaa ndani inatafuta mtu wa kumkamata.

Kisha kazini kukaharibika. Msimamizi wa wale watafiti, dada mmoja mwenye heshima zake, alinipigia simu akiwa na mashaka.

"Dada, huyu mama lishe anamtuhumu yule kijana wizi?"

"Wizi gani?"

"Umeandika hapa: 'Siku ile aliiba, akaenda zake.' Lakini mazungumzo yote anamsifia. Nimeshindwa kuelewa."

Nilirudi kwenye ile rekodi. Nikasikiliza, nikasikia *aliiba*. Nikarudia, *aliiba*. Nikampa mume wangu hedifoni. Akasikiliza mara moja tu, akanitazama.

"Alishiba," akasema. "Anasema siku ile alishiba, akaenda zake."

Nikaivaa tena, nikafumba macho, nikaitafuta ile *sh* kwa nguvu zangu zote. Haikuwapo. Kwangu mimi ilikuwa imefutwa. Huyo kijana alikuwa mtu mwenye jina na kijiji, amekula wali akashiba, na mimi nilikuwa nimemfanya mwizi kwenye karatasi ambazo zingesomwa na watu wasiomjua. Na kabla yake nilikuwa nimeandika watu wangapi?

Msimamizi hakunigombeza. Alisema nipumzike kidogo, kazi ingenisubiri. Sikumwambia kwamba ni masikio. Nilisema nimechoka.

Wiki hiyohiyo ndiyo niliyokwenda kumchukua binti yangu chekechea nikiwa nimeziba masikio yote mawili. Muziki ulikuwa juu kwa sababu mlio ulikuwa juu. Tulishika njia ya kando ya gereji za malori, nimemshika mkono, tunatembea. Ghafla akasimama. Nikamvuta. Akanivuta. Nikamvuta kwa nguvu zaidi, nikiwaza, leo huyu ameanza ukaidi wake. Akakaa chini kabisa kwenye vumbi, sare yake nyeupe, mdomo wazi. Nikageuka nimkaripie, na nilipogeuka nikaona ubao wa nyuma wa tipa la mawe unapita mbele ya kifua changu, karibu kiasi kwamba nilihisi joto la injini. Lori lilikuwa linarudi nyuma. Utingo alikuwa anapiga bodi kwa kiganja, watu wa pale gereji wamesimama wamenyanyua mikono, wote wanapiga kelele, na mimi nilikuwa naziona kelele zao bila kuzisikia.

Nilichomoa hedifoni. Ndipo sauti zote zikaniangukia kwa pamoja. Dereva alishuka, mtu mzima. "Mama, wewe ni kiziwi?" aliniuliza. Hakuwa ananitukana. Alikuwa anauliza kweli.

Binti yangu alikuwa bado amekaa chini. "Nilikuambia lori," akasema. "Nilikuambia mama, lori, lori." Nikampakata pale pale. Mwanamke mmoja muuza miwa alituletea kiti na maji, akatufukuzia watu waliotuzunguka.

Jioni nilimweleza mume wangu yote. Sikuficha hata lile la kumvuta mtoto. Alikwenda kusimama mlangoni akinipa mgongo. Aliporudi alisema, "Kesho unakwenda hospitali, Mwanza." Nilikuwa nimeiogopa safari hiyo kwa sababu ukipimwa unaambiwa. Sasa niliogopa zaidi kutokwenda.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kuongea akikutazama usoni, nadhani ni mazoea ya kuishi na wasiosikia. Waliniingiza kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, wakafunga mlango. Sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale. Ukimya wa mle ndani uliufungulia mlio wangu milango yote. Niliambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia sauti, hata ndogo vipi, na mimi nikawa nabonyeza, sijui nabonyezea sauti yao au yangu.

Akanionyesha mstari uliochorwa: unakwenda vizuri, halafu upande wa sauti nyembamba unaporomoka, hasa sikio la kulia.

"Umefanya kazi kwenye karasha?" akaniuliza.

"Hapana. Nimeisikiliza tu, kwenye hedifoni."

Akaweka kalamu chini. "Sikio halijui tofauti," akasema. Alinieleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo vinavyopokea sauti, na kwamba vikilazwa na kelele ya muda mrefu havioti tena. Ubongo ukikosa zile sauti unajitengenezea yake, ndiyo huo mlio. Dawa ya kuuondoa hakuwa nayo, na akanionya nisimwamini atakayeniuzia. "Na huo muziki wako," akasema, "unamfukuza mwizi kwa kumfungulia mwizi mwingine."

"Nitakuwa kiziwi?"

"Ukiendelea hivi, utapoteza zaidi. Ukiacha, tunaweza kulinda ulichobakiwa nacho. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Tulipokuwa tunarudi, mimi na mume wangu, niliomba tupitie Ibadakuli, nje ya mji wa Shinyanga, nimwone baba. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba tangu ujana wake hadi nywele zilipoingia mvi, na tangu nipate akili hasikii vizuri. Sisi watoto wake tulikua tukipiga kelele. Wageni walidhani nyumbani kwetu ni ugomvi kila siku.

Nilimkuta uani anatengeneza jembe. Nikamwamkia kwa sauti yetu ile ya nyumbani, akaitika, "Marahaba, ng'wanone," yaani mwanangu. Mume wangu akaenda kwa mama jikoni. Mimi nikakaa kwenye kigoda upande wa sikio lake zuri, nikamweleza nilikotoka. Aligonga mpini mara mbili tatu, nikadhani hakunisikia. Nikamuuliza kwa nguvu:

"Baba, na yako yalikuwa yanalia?"

Akaacha nyundo.

"Yanalia," akasema. "Sasa hivi yanalia."

Sikuwahi kulisikia hilo maishani mwangu. Nilijua baba hasikii. Sikujua kwamba ndani ya kutosikia kwake kulikuwa na kelele. Alinisimulia taratibu, macho yake kwenye jembe. Mwanzoni alidhani ni mashine. Msimu wa pamba ukiisha kiwanda kinafungwa, wafanyakazi wanarudi mashambani, lakini yeye aliendelea kuisikia mashine inazunguka. Mwaka wa kwanza alipanda baiskeli akaenda kuangalia. Akakuta geti limefungwa kwa mnyororo, mbuzi wamelala kivulini mwa ukuta, na mashine bado inazunguka kichwani mwake. Alirudi nyumbani. Msimu uliofuata ukiisha, akaenda tena.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Kwamba nasikia mashine iliyozimwa?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wangesema nimelogwa, au nimerukwa na akili. Nilikuwa na watoto wa kulisha."

"Mama anajua?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

Nilishika mkono wake, jambo ambalo kwetu binti hafanyi hovyo kwa baba yake, na aliniachia niushike. Nikamuuliza alifanyaje miaka yote hiyo. Sikupata hekima yoyote. Alisema kuna siku alitamani kujipiga kichwa na jiwe. Alisema shamba lilimsaidia, kwa sababu upepo kwenye mahindi una sauti. Alisema ukiusikiliza mlio unakua, ukiupa kazi nyingine unasinyaa, lakini kuna siku hausinyai, na siku hizo unavumilia tu. Kisha akasema jambo lililonikata: "Wewe usinyamaze kama mimi."

Kabla hatujaondoka nilimwomba ruhusa nimwambie mama. Alifikiria sana. "Mwambie nikiwa sipo," akasema. Nilimwambia jikoni, na mama akasimama na mwiko mkononi. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana alikuwa anakwenda kule kiwandani." Alikuwa amedhani kwa miaka hiyo yote kwamba baba ana mwanamke huko.

Tuliporudi Kahama nilimpigia yule msimamizi nikamweleza ukweli. Nilitegemea kupoteza kazi, na ile ya kunakili nikaipoteza kweli. Alimpa mtu mwingine ayapitie upya yote niliyoandika. Lakini baada ya muda alinitafuta kwa kazi ya kwenda kuhoji mwenyewe. Naikubali inapokuja. Nikifika machimboni, jambo la kwanza ni kumwomba mtu tusogee mbali na karasha, mpaka tusikilizane bila kupaza. Wengine wananishangaa. Naziba masikio kwa vizibo vya mpira ninapopita kwenye mashine, na vijana wananitania kwamba bosi wa mgodi mkubwa amekuja. Namtazama mtu mdomo anapoongea. Nikisikia *aliiba*, nauliza tena.

Hedifoni kubwa niliziuza. Ndogo zipo, za kuongelea simu tu, na barabarani sizivai. Usiku tunawasha feni ili sauti yake iufunike mlio, hata kukiwa na baridi; mume wangu anajifunika blanketi na halalamiki sana.

Kuna vipindi mlio unashuka hadi nausahau nusu siku. Kuna vipindi unapanda bila sababu. Juzi tulikuwa kwenye harusi, wakafungua maspika, na kabla sijafika mlangoni ulikuwa umeshalipuka masikio yote mawili. Nilikwenda kukaa nje kwenye benchi, nikiwaza, safari hii haushuki. Binti yangu akanifuata na soda yake. Sasa hivi yuko shule ya msingi na anapenda kujua mambo.

"Unalia?" akaniuliza.

"Unalia sana."

Akakaa kando yangu, akaninyooshea soda. Mlio ulishuka kesho yake mchana, lakini si hadi pale ulipokuwa.